Jinsi ya kukutana na mbwa bingwa pale Crufts bila kufukuzwa: mwongozo kamili

Kila ikifika mwezi wa tatu, wakati wa Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa kule Uingereza, simu yangu haipumziki. Mtu kasafiri kutoka London, mwingine Leicester, kuna mmoja alitoka Rotterdam kabisa, kalipa tiketi, kaingia kumbi za maonyesho za NEC Birmingham, kazunguka siku nzima mpaka miguu imevimba, halafu jioni ananipigia analalamika eti hajagusa hata mbwa mmoja na picha alizonazo zote ni makalio ya mbwa anakimbia ringini, pale wanapohukumiwa na jaji. Nikiwauliza walifanyaje, wote makosa ni yale yale. Walienda wakati mbaya, na walimwendea mbwa badala ya kumwendea mwenye mbwa.

Sasa naandika mara moja yaishe, mwakani nikipigiwa natuma hii tu. Fuata mpangilio kama ulivyo, usiruke hatua ya 3 ukaenda ya 6, hapo ndipo watu wanapopigiwa kelele.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Tiketi ya siku sahihi. Crufts ni siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili. Mbwa wamegawanywa makundi saba na kila siku ina makundi yake, na mpangilio hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitumie ratiba aliyokutumia shemeji yako ya mwaka juzi. Angalia tovuti yao kabla hujalipa. Mtu anataka kuona Rhodesian Ridgeback, ambaye yuko kundi la Hound (mbwa wa kuwinda), anaenda siku ya Toy, anakutana na vimbwa vya mapajani tu, siku imeharibika. Halafu fainali ya Jumapili jioni ina tiketi yake peke yake, ile ya mchana haikuingizi.

Viatu vya kutembelea. Zile kumbi ni kubwa kama uwanja wa ndege, na chini ni zege. Dada zangu, viatu virefu viacheni.

Nguo isiyoning'inia. Mtandio mrefu, mikoba yenye shanga, funguo zinazolia kiunoni, hivyo vyote vinamshtua mbwa au vinamwita acheze, na mwenyewe hataki lolote kati ya hayo. Marashi makali pia hapana, pua ya mbwa sio yako.

Hela ya katalogi. Ni kitabu kinene kinauzwa pale pale. Watu wanaona ni hasara, wanakiacha, halafu wanazunguka kama vipofu.

Jeli ya kusafishia mikono. Utaitumia kila baada ya mbwa mmoja na kabla ya mwingine, mbele ya macho ya mwenye mbwa.

Maji na chakula chako. Chakula cha ndani ni bei ya kuumiza roho. Ila nasema chakula CHAKO wewe, cha mbwa usibebe, sababu naieleza chini.

Na mbwa wako mwache nyumbani. Wanaoingia ni mbwa waliosajiliwa kwa ajili ya onyesho tu. Kama kwako kuna mbwa anakohoa au anaharisha, na wewe mwenyewe baki, unaweza kupeleka ugonjwa kwa mikono na viatu.

## Hatua ya 1: Chagua aina moja, zikizidi sana mbili

Miaka ya karibuni wanaoshindana ni zaidi ya mbwa elfu 18 kwa siku nne. Ukienda na wazo la "nitaangalia angalia" utaishia kuangalia maduka, maana maduka nayo ni mengi kweli.

Sababu ya kuchagua aina moja ni kwamba mbwa wa aina moja wanakuwa ringi moja, na mabenchi yao, vile vibanda wanamokaa wakisubiri, yako pamoja, na wenyewe wanajuana wote. Ukikubalika na mmoja, yeye ndiye anakupeleka kwa mwenzake.

Mimi huwa naenda kwa Basenji. Ni mbwa wa Kongo, mdogo, masikio wima, mkia umejikunja kama kitumbua, habweki bali anatoa sauti kama mtu anaimba huku kabanwa na mafua. Hilo jina ukilitamka taratibu unasikia ndugu yake na neno letu washenzi, yaani mbwa wa kijijini huko porini, leo hii Mzungu anamchana kwa brashi na kumpangia hoteli. Kila nikimwona nacheka peke yangu.

Umefanikiwa ukiwa: unaweza kumjibu mtu jina la aina unayoifuata na siku yake bila kufungua simu.

## Hatua ya 2: Fika asubuhi na usome katalogi

Ukija kwa treni shuka Birmingham International, sio Birmingham New Street, watu wanapotea hapo kila mwaka. Kutoka stesheni unatembea tu kwa daraja mpaka ndani ya NEC.

Nunua katalogi, kaa chini, tafuta aina yako. Kila mbwa ana namba, na namba hiyo hiyo iko kwenye benchi lake na kwenye kifua au mkono wa anayemshika ringini. Hiyo namba ndiyo anwani ya mbwa.

Sasa jinsi ya kumjua bingwa. Tafuta herufi Ch kabla ya jina. Uingereza mbwa hapewi hizo herufi mpaka apate vyeti vitatu vikubwa kutoka kwa majaji watatu tofauti, na angalau kimoja akipate akiwa ameshapita miezi 12. Cheti hicho kwa kawaida wanakitoa kimoja kwa dume bora na kimoja kwa jike bora wa aina ile, basi. Kwa hiyo kuna mbwa wazuri wanazeeka bila kuwa bingwa kwa sababu tu wamezaliwa kipindi kimoja na mbwa mkali zaidi yao.

Ukiona Sh Ch, mara nyingi ni wale mbwa wa kuokota ndege waliopigwa bunduki, akina Labrador na Spaniel. Maana yake ni bingwa wa maonyesho, ila ubingwa kamili kwao unadai wathibitishe kazi porini pia. Usimwambie mwenyewe "kumbe sio bingwa kamili". Kuna jamaa yangu alisema hivyo akaangaliwa kwa jicho mpaka akaondoka mwenyewe.

Jambo lingine la kukutoa wasiwasi: kwenye spika na kwenye katalogi majike wanaitwa kwa lile neno la Kiingereza ambalo mtaani ni tusi zito. Pale ni jike tu, hakuna anayetukanwa.

Umefanikiwa ukiwa: una namba za mabingwa watatu au wanne, unajua ringi yao, na unajua aina yako ni ya ngapi kuingia pale ringini.

## Hatua ya 3: Kabla ya ringi, macho tu

Hapa ndipo watu wengi sana wanapokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Asubuhi ukipita kwenye mabenchi utaona mbwa wamesimama juu ya meza wanachanwa. Wamekaa kimya, wazuri, wanakuangalia kama wanakuita. Mkono wako utawasha. Uweke mfukoni.

Elewa kinachoendelea pale. Yule Poodle unayemwona ameogeshwa, amekaushwa kwa drayer huku nywele zinanyooshwa kidogo kidogo kwa brashi, na hilo shungi la kichwani limepangwa kwa mkono kama bibi harusi anavyopangwa nywele. Yorkshire Terrier nywele zake zinaviringishwa kwenye vikaratasi ili zisikatike na hazifunguliwi mpaka muda umekaribia. Afghan Hound anavalishwa kofia ya kitambaa masikio yasidumbukie kwenye maji. Ukipitisha kiganja chako chenye jasho na mafuta ya chipsi mara moja tu, kazi ya saa mbili imelala, na jaji yuko dakika kumi mbele.

Na sio nywele tu. Mbwa wa maonyesho kabla ya kuingia anawekwa katika hali fulani ya akili, amechangamka kiasi lakini yuko na mtu wake. Wewe ukimshika ukamchezesha anahamia kwako, akifika ringini anatafuta yule mtu aliyemkuna tumbo. Hapo umemharibia mwenyewe safari, hoteli, ada, na pengine mwaka mzima wa kujiandaa.

Binamu yangu mwaka wake wa kwanza alimkumbatia Poodle mweupe. Alimkumbatia kweli kweli, kama mtoto wa ndugu. Mama mwenye mbwa hakutukana, alilia. Tulitembea haraka mpaka ukumbi wa tatu ndio tukasimama kuvuta pumzi.

Unachoruhusiwa hapa ni kusimama hatua mbili nyuma, mikono inaonekana, unaangalia. Mwenyewe akiinua macho, tabasamu, sema anapendeza, pita. Usiulize swali. Hilo tabasamu ni mbegu, utaivuna mchana.

Onyo: usimwite mbwa kwa mluzi wala kwa kugonga ulimi. Na usinyooshe kidole ndani ya benchi kwa mbwa aliyelala. Lile ndilo chumba chake.

Umefanikiwa ukiwa: umewaona mabingwa wako wote na hakuna aliyekukumbuka kwa ubaya.

## Hatua ya 4: Kaa ringini tangu mwanzo

Tafuta kiti pembeni ya ringi mapema. Ukiingia katikati huelewi kitu, utaona watu wenye suti wanakimbia na mbwa kwenye zulia la kijani.

Kinachofanyika ni hivi: mbwa anasimamishwa, wadogo wanawekwa mezani, jaji anamshika mwili mzima, anaangalia meno, mabega, mgongo, na kwa madume anahakikisha korodani zote mbili zipo. Halafu mbwa anakimbizwa, mara nyingi kwa umbo la pembetatu, ili jaji aone miguu kutoka nyuma, ubavuni na mbele. Jaji hawalinganishi wale mbwa wenyewe kwa wenyewe kama mashindano ya urembo, anamlinganisha kila mmoja na maelezo yaliyoandikwa ya aina ile. Ndio maana utapiga kelele yule mzuri kaachwa, na wajuzi waliokaa karibu yako wametulia tu.

Zima flashi. Usile karanga zinazopasuka pasuka. Usimshangilie mbwa wako kabla jaji hajaonyesha mkono.

Sababu ya mimi kukusisitizia ukae: unahitaji kitu kimoja cha kweli cha kumwambia mwenye mbwa baadaye. "Mbwa wako mzuri" ameshaambiwa mara mia leo. "Niliona alipogeuka kwenye kona ya pili hakupoteza hatua" hiyo hajaambiwa, na inamwonyesha kwamba ulikuwepo.

Umefanikiwa ukiwa: una sentensi moja kuhusu kila bingwa wako, umeiandika kwenye simu.

## Hatua ya 5: Nenda kwa aliyeshindwa

Hii ndiyo siri yenyewe, na watu hawaiamini mpaka waijaribu.

Ringi ikiisha, umati wote unamkimbilia aliyeshinda aina yake. Usiende huko. Yule bado ana kazi, jioni anaingia uwanja mkubwa kushindania kundi lake, kwa hiyo mwenyewe bado anamlinda kama yai na majibu atakayokupa ni ya kukufukuza kistaarabu.

Wewe fungua katalogi, tazama wale wengine wenye Ch ambao leo wametoka bila kitu. Ni mabingwa vile vile, vyeti vyao vitatu hakuna aliyewanyang'anya. Ila kwa leo kazi imeisha, mbwa amelala, mwenyewe amevua viatu anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki na hakuna mtu anayekuja kumsalimia. Na utaratibu wa pale ni kwamba mbwa wanakaa mabenchini mpaka muda wao wa kuruhusiwa kuondoka, kwa hiyo hana pa kwenda. Mtu huyo ukimwendea vizuri atakupa saa nzima.

Subiri kama nusu saa baada ya ringi yao, wapumue, kisha nenda. Simama mbele ya mtu, sio mbele ya mbwa. Mwangalie yeye. Sema ile sentensi yako. Kisha uliza kama ni sawa kumsalimia mbwa, na ukiuliza nyamaza usubiri jibu, usianze kuinama huku unauliza.

Akikataa, sema asante na ukae mazungumzo kidogo hata hivyo. Mara nyingi sana baada ya dakika tano anakwambia mwenyewe "haya, mshike". Wazungu wa mbwa wana tabia ya wazee wetu wa pwani, huwezi kuingia na shida yako mlangoni, kwanza salamu na habari za nyumbani.

Onyo la chakula: usimpe mbwa wa mtu kitu chochote, hata biskuti uliyopewa bure kwenye duka la pale pale. Mwaka 2015 Irish Setter mmoja anaitwa Jagger alishindana Crufts, akarudi kwao Ubelgiji akafa, na uchunguzi ukakuta nyama yenye sumu tumboni. Kennel Club, chama kinachoandaa Crufts, baadaye walisema kwa jinsi muda ulivyo ile nyama aliila Ubelgiji, sio Birmingham, lakini hofu ilishaingia. Mtu asiyejulikana mwenye kitu cha kula mkononi karibu na benchi anaangaliwa vibaya mpaka leo, na wewe usiwe mtu huyo.

Umefanikiwa ukiwa: mwenyewe amekwambia jina la nyumbani la mbwa. Lile la katalogi ni refu kama jina la treni, lina jina la wafugaji ndani yake, hakuna anayemwita hivyo. Ukipewa la nyumbani umeshapokelewa.

## Hatua ya 6: Namna ya kumgusa

Piga jeli mikononi, iache ikauke. Simama ubavuni mwa mbwa, chuchumaa, usimwinamie kwa juu kama mti unaanguka. Shusha mkono chini ya usawa wa kidevu chake, umefumba, mwache anuse. Akigeuza kichwa, basi, amekataa, mshukuru mwenyewe. Akisogea, mkune kifuani au begani. Utosini usianzie, mbwa wengi hawapendi mkono wasioona unakotoka.

Fuata manyoya yanakolala. Ridgeback ana ule mstari mgongoni ambao nywele zake zinaota kinyume na nyingine, kila mtu anataka kuupapasa, na wenye Ridgeback wengi hawakatai ukiuliza. Basenji anaweza kukudharau kabisa, ni mbwa wa kujitenga na wageni, anajilamba kama paka, usichukulie moyoni. Whippet ngozi yake ni nyembamba, pete na kucha ndefu ziangalie.

Na ujue bingwa ni mbwa. Atapiga chafya usoni kwako. Maisie, Dachshund mwenye manyoya magumu aliyetwaa taji la juu kabisa mwaka 2020, alijisaidia haja kubwa pale pale uwanjani akiwa anazungushwa kushangiliwa, dunia nzima inaangalia.

Kwa Waislamu wenzangu, maana hili swali naulizwa sana: si lazima umguse. Sisi wa madhehebu ya Shafi tumesomeshwa mate na unyevu wa mbwa ni najisi na kuosha ni mara saba, moja kwa udongo, na pale NEC udongo utautoa wapi. Mwambie mwenyewe mapema kwamba hutamgusa kwa sababu ya dini, kaa upande ambao mbwa hafiki kwa ulimi, na ubebe nguo ya kubadilisha ya sala. Sijawahi kuona mtu akichukia. Mmoja alifurahi, akasema angalau huyu hataniharibia manyoya.

## Hatua ya 7: Picha

Omba tena ruhusa, ile ya kugusa sio ya picha. Shuka usawa wa macho ya mbwa, ukipiga kutoka juu miguu inakuwa mifupi na mwenyewe hatapenda uiweke mtandaoni. Mwombe yeye amsimamishe, atamsimamisha kama ringini kwa sekunde tatu na hapo ndipo unapiga, uwe tu na simu tayari. Ukitaka uwe kwenye picha, mpe mtu mwingine simu, usigeuze mgongo ukamkumbatia mbwa kwa selfi.

Kisha mtumie mwenyewe nakala. Mimi nilituma picha tatu mwaka mmoja, mwaka uliofuata niliitwa kwa jina kabla sijafika benchini.

## Ukikwama kabisa

Ukiona saa tisa imefika na hujapata mtu, nenda sehemu inaitwa Discover Dogs. Aina karibu 200 ziko pale kwenye vibanda, na wenye mbwa wamekaa kwa ajili ya kuongea na watu na kuguswa. Sio wote mabingwa, ila uliza tu, mara nyingine yule mzee anayekoroma kwenye kona ana Ch yake na amestaafu. Usichelewe zaidi ya hapo, kadiri muda unavyokwenda mbwa wanachoka na foleni ya watoto inakuwa ndefu.

Walioko Nairobi, East Africa Kennel Club nao huandaa maonyesho, umati ni mdogo zaidi, na hatua ya 3 mpaka ya 6 zinafanya kazi hivyo hivyo.

Halafu jioni, ukiona mtu anasukuma toroli lenye kreti mbili, meza imefungwa juu na mbwa anatembea pembeni, mpishe. Huyo hana cha kuongea tena, anawaza gari aliliacha maegesho gani.